Wachoreni Wangali Hai

Ndugu zangu, Kanisa lilifanya jambo la ajabu lilipomweka Luka kuwa msimamizi wa watu wa aina mbili ambao ni nadra kukaa meza moja: matabibu na wachoraji. Paulo, akiwaandikia Wakolosai, anamtaja kuwa tabibu. Mapokeo yakaongeza kwamba ndiye aliyechora sura ya Bikira Maria, na kwa karne nyingi vyama vya wachoraji wa Ulaya, wale wa Antwerp wakiwemo, vilijiita kwa jina lake. Habari ya brashi waachieni wanahistoria. Mimi nina neno na nyinyi mliotibiwa.

Katika wainjili wanne, ni Luka peke yake aliyetuandikia habari ya Msamaria mwema. Isomeni tena. Kuhani alimwona yule majeruhi. Mlawi naye alimwona. Macho walikuwa nayo! Walichokosa ni kusimama. Na sisi je? Tunaingia zahanati, tunanyoosha mkono wa kuchomwa sindano huku tumegeuzia uso ukutani, tunapokea dawa dirishani, tunakwenda zetu. Mtoto wako alipokelewa na mkunga usiku wa manane. Hebu nieleze sura ya mkunga huyo. Huwezi. Ulimwona, ukapita.

Ndiyo maana nawasihi: wachoreni! Anayechora hana njia ya kupita. Atakaa mbele ya yule nesi mpaka aione alama ya barakoa juu ya pua, na vidole vilivyochujuka kwa klorini, na ile saa iliyoning'inizwa kifuani kichwa chini, ili yeye mwenyewe aweze kuisoma anapohesabu mapigo ya moyo wako. Ataona kope za mtu aliyetoka zamu ya usiku na bado ana foleni ya akina mama kliniki. Kamera ya simu huyakusanya hayo yote kwa nukta moja, na mpigaji asione hata moja.

Mwaka 2020 korona ilipoishika Uingereza, watu walitoka milangoni kila Alhamisi jioni kuwapigia wahudumu wa afya makofi. Makofi yale yalidumu wiki kumi. Lakini mwezi Aprili mchoraji mmoja wa Oxford, Tom Croft, alitangaza kwamba atamchora bure mhudumu wa kwanza atakayejitokeza, akawahimiza wachoraji wenzake wafanye vivyo hivyo. Wakaitikia kwa wingi. Makofi yameisha, picha zipo.

Na picha hizo zina kazi: kuzihifadhi sura ambazo hesabu huzipoteza. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba kati ya Januari 2020 na Mei 2021 korona iliua wahudumu wa afya kati ya 80,000 na 180,000. Litazameni pengo hilo, ndugu zangu! Watu laki moja, na dunia haina hakika kama walikufa au hawakufa. Angepotea mhasibu na fedha za benki, hesabu ingetafutwa mpaka senti ya mwisho.

Liberia wakati wa Ebola, mgonjwa alilala akihudumiwa na vazi la plastiki lenye macho nyuma ya miwani. Hakujua ni mwanamke au mwanamume, anacheka au ananuna. Mwaka 2015 msanii Mary Beth Heffernan alitoka Los Angeles akaenda kuwapiga picha wahudumu wale wakitabasamu, na kila mmoja akabandika sura yake kifuani, juu ya vazi. Zilikuwa picha za kamera, nakubali, lakini mgonjwa aliyeogopa kufa mikononi mwa asiyemjua alipata uso wa kuutazama. Sura ya muuguzi ni sehemu ya dawa.

Msiniambie haya ni mambo ya ng'ambo. Edward Saidi Tingatinga, ambaye jina lake limekuwa jina la mtindo mzima wa uchoraji wetu, alianza mwaka 1968 kwa rangi za baiskeli kwenye vipande vya ubao laini, na katika miaka hiyo hiyo aliajiriwa Hospitali ya Muhimbili kuhudumia wagonjwa. Mkono uliochora ndio uliohudumia wodini. Mnataka ushahidi gani zaidi?

Lakini sikieni onyo. Msiwachoree mabawa. Malaika hali ugali, halipi kodi ya nyumba, hahitaji glavu, na mwenye kucheleweshewa posho atapenda sana tumwite malaika. Picha iliyotundikwa mahali pa mshahara ni dhihaka. Mchoreni mtu, mwenye jasho na mikunjo, kisha mdaieni haki yake kwa sauti ile ile. Tena mwombeni ruhusa kwanza. Akikataa, mshukuruni muondoke. Na mgonjwa aliye kitandani asiingie pichani hata kidogo.

Chanda chema huvikwa pete, ila sisi hungoja chanda kipoe. Dk. Matthew Lukwiya aliongoza vita dhidi ya Ebola katika hospitali ya Lacor, Gulu, mpaka ikamuua tarehe 5 Desemba 2000, na Uganda inamkumbuka. Wauguzi waliokufa katika vita hivyo hivyo, nani kati yenu anaweza kumtaja mmoja?

Katika ofisi ya mganga mfawidhi ipo picha ya Rais, na ya Baba wa Taifa. Zibaki pale pale. Ukuta ungali na nafasi.

Sikukuu ya Luka ni tarehe 18 Oktoba. Wewe kijana unayejaza daftari la hesabu kwa sura za wachezaji mpira, una penseli tayari. Mwalimu wa sanaa, lipeleke darasa lako zahanati ya kata. Wazee wa kanisa, nunueni manila na fremu. Na mkishafika, msianze na daktari. Anzeni na mama anayedeki wodi ya wazazi, muulizeni jina lake, na mliandike chini ya picha.