Hakimiliki na Fanani: Utungo Ulionaswa ni Mali ya Nani?

Makala haya yanadhamiria kujadili swali moja la kimaadili ambalo uhakiki wetu wa fasihi simulizi umelipa kisogo: mtafiti anapounasa utungo wa fanani kwa kinasasauti kisha akauandika, nani mwenye utungo? Swali hili si la wanasheria peke yao. Linatuhusu sisi tunaozikusanya tungo, tunaozifundisha na kuzichapisha.

Tuanze na sheria yenyewe. Kwa mujibu wa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, kazi ya fasihi hulindwa iwapo juhudi ya kutosha imetumiwa kuipa upekee wake, na iwapo imeandikwa, imerekodiwa au imetiwa katika umbo jingine la kudumu. Haki huzuka pale kazi inapopata umbo hilo, nayo hudumu maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Kuisajili kazi kwenye Bodi ya Hakimiliki ya Kenya ni hiari. Cheti ni shahidi tu, hakimzai mtunzi. Wengi hudhani kinyume, na dhana hiyo humnufaisha yule aijuaye njia ya ofisini.

Washairi wa kale walikuwa na usajili wa namna yao. Mwana Kupona alipouhitimisha utendi wake, alitaja idadi ya beti na mwaka wa kutungwa, 1275 Hijria, yaani 1858. Sajili ilikuwa ndani ya utungo, na mlinzi wake alikuwa hadhira. Tungo za Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, zilipitia njia nyingine. Ziliishi vifuani mwa watu. Mwalimu Sikujua bin Abdallah akasaidiana na mmishonari W. E. Taylor kuzikusanya na kuziandika. William Hichens akazichapisha mwaka 1940. Jina la Muyaka halikupotea, kwa kuwa wenyeji walimjua. Hata hivyo, ni wangapi kati ya wanafunzi wetu wamjuao Sikujua?

Huenda ikadaiwa kwamba utungo simulizi ni mali ya jamii, na kwamba fanani ni mpitishaji tu. Dai hili lina ukweli wake. Sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni inaitambua jamii kuwa mwenye mali, na kudai idhini yake kabla ya mali hiyo kutumiwa. Lakini jamii haiimbi, huimba mtu. Wimbo uliorithiwa na wimbo uliotungwa jana na mama anayembembeleza mwanawe si kitu kimoja. Tukiyachanganya hayo, jamii hugeuka pazia la kumfichia mtunzi.

Kwa sheria, mtunzi ni yule aliyeiunda kazi kwanza. Aliyeshika kinasasauti aweza kuwa na haki juu ya rekodi. Hawi mtunzi wa wimbo kwa kubonyeza kitufe. Isitoshe, mtendaji ana haki ya kuruhusu au kukataza utendaji wake urekodiwe. Kasoro basi haimo katika sheria pekee, imo katika mazoea yetu.

Mwandishi wa makala haya hana budi kukiri. Akiwa mwanafunzi wa uzamili, alirekodi bembelezi kutoka kwa bibi mmoja. Katika kanda bibi anasikika akisema kwamba mbili kati ya nyimbo hizo alizitunga mwenyewe, alipofiwa na mtoto wake wa kwanza. Tasnifu ilimwita "mhojiwa wa tatu", nazo nyimbo zikaitwa za jadi. Shahada ilitolewa. Bibi amekwisha fariki, na warithi wake hawajui kwamba wana haki yoyote ya kudai.

Hakuna mahakama iliyomshitaki mtafiti huyo, wala cheti kingemwokoa bibi asiyeombwa hata jina lake. Ndipo tunaposema kwamba hakimiliki, kabla ya kuwa suala la malipo, ni suala la kumtaja mtu. Idara zetu na zidai, kabla ya kuipokea tasnifu yoyote ya nyanjani, jina la fanani iwapo ameridhia litajwe, idhini yake, kauli yake kuhusu asili ya kila utungo, na thibitisho kwamba amepewa nakala. Fasihi tunayoihakiki ina wenyewe.