Dhana na Mali ya Wizi

Mtu akiletewa baiskeli kwa thuluthi ya thamani yake, na nambari iliyopigwa katika chuma chake imesuguliwa kwa tupa, je, atoe habari kwa polisi au anyamaze? Wako wasemao kwamba aliye na kitu mkononi ndiye mwenyewe, na kwamba Suratul-Hujurat, aya ya 12, imekataza wingi wa dhana. Ni kweli, wala si halali kumwita muuzaji mwizi. Lakini alama ya tupa yaonekana kwa macho. Na katika madhhabu ya Imamu Shafi, mali ya wizi haitoki katika milki ya mwenyewe hata ikiuzwa mara kumi. Basi na aeleze aliyoyaona tu, asizidishe neno: baiskeli, bei, mahali. Muuzaji akiwa na hoja, ataitoa. Na huenda yuko mtu aendaye kazini kwa miguu tangu juzi, ambaye hajasikilizwa na yeyote.