Je, Adui Ana Roho? Kumsoma Tolkien Chini ya Menengai

Kitabu cha kwanza cha masimulizi marefu ya vita kati ya wema na uovu kina kazi ambayo vitabu vinavyofuata haviwezi kuirudia: kumzoeza msomaji ni nani wa kuliliwa akifa na ni nani wa kuhesabiwa tu. Ramani na nasaba za wafalme zaweza kurekebishwa baadaye, lakini moyo uliokwisha kuzoea hubadilika kwa shida. Ndiyo maana nakipima The Fellowship of the Ring cha J.R.R. Tolkien, kilichotoka Uingereza Julai 1954 na kuwa kielelezo cha riwaya nyingi za aina yake, kwa swali ambalo ni la dini kabla ya kuwa la fasihi: je, adui ana roho? Nakuru haiwezi kulichukulia swali hilo kama burudani. Mwishoni mwa Januari 2008 majirani waliuana mjini humo na Naivasha, katika ghasia ambazo Tume ya Jaji Philip Waki ilihesabu vifo 1,133 kote nchini Kenya. Katika Bonde la Ufa watu walikuwa wameitwa madoadoa kabla ya panga kuinuliwa, na doa halina mama wala mtoto.

Nguvu ya kitabu hiki ni kubwa, na ni nguvu ya kitheolojia. Mapema kabisa, Frodo, shujaa wa kitabu, anasikitika kwamba jamaa yake Bilbo hakumuua Gollum, aliyeimiliki Pete ya uovu kabla yao, alipopata nafasi. Mchawi Gandalf anamkemea kwa upole: huruma ile ndiyo iliyomzuia Bilbo, na hata Gollum, baada ya karne za kutumikishwa na Pete, bado ana pembe ndogo ya nafsi ambayo ni yake. Baadaye, katika baraza la Rivendell, Elrond anasema kwamba hakuna kilichokuwa kiovu tangu mwanzo, hata Sauron mwenyewe, adui mkuu wa kitabu. Augustino wa Hippo, Mwafrika wa kaskazini, alikuwa amewajibu hivyo Wamani waliofundisha kwamba uovu ni dola iliyojitegemea tangu milele: uovu ni upungufu wa wema, nao hauwezi kuumba chochote. Mwislamu naye, anayeamini kwamba kila mtoto huzaliwa katika fitra, yaani maumbile safi, hatauona msingi huo kuwa mgeni. Kisha Tolkien anauthibitisha msingi wake kwa kumtazama mtu mwema akianguka. Boromir, mmoja wa wasafiri wenzake, anajaribu kumnyang'anya Frodo Pete kwa nguvu, na mara tu wazimu unapomtoka analia kwa majuto. Katika kurasa hizo mpaka kati ya wema na uovu unapita ndani ya kifua cha mtu mmoja, na sijaona riwaya ya aina hii iliyouchora vizuri zaidi.

Lakini kabla ya anguko hilo, msafara wa Frodo na wenzake unaingia katika machimbo ya Moria, na maorki, wapiganaji wa upande wa adui, wanajitokeza. Wanapiga ngoma, wanavunja mlango, wanakufa. Hakuna anayepewa jina, hakuna anayeuliza kama nao wana pembe ndogo ya nafsi iliyobaki, na wanaowaua ni wale wale waliomsikia Elrond. Sidai kwamba watu waliovamiwa gizani wangesimama kujadili theolojia. Kujitetea ni haki yao. Lawama yangu ni kwa masimulizi, ambayo yana muda wa kuomboleza mbele ya kaburi la mbilikimo Balin lakini hayana sentensi moja ya kushangaa juu ya maiti za upande wa pili. Kilichotangazwa kuwa kweli kwa viumbe wote kinatumika kwa mtu mmoja mmoja, kisha kinasimama mbele ya taifa zima.

Watetezi wa Tolkien husema maorki si watu, ni picha ya uovu, na hakuna anayeilaani ngano kwa kumuua zimwi. Jibu hilo lingetosha kama wasingezungumza, wasingeogopa na wasingetii amri. Kiumbe anayeweza kuamriwa anaweza pia kukataa, na anayeweza kukataa ana hiari. Tolkien, Mkatoliki wa dhati, aliliona tatizo hilo mwenyewe. Aliendelea kulihangaikia katika barua na maandishi yake hadi uzeeni, bila kupata jibu lililomridhisha kuhusu asili ya maorki wala uwezekano wa wao kuokolewa. Mtu hasumbuliwi hivyo na picha tupu.

Hapa ndipo masimulizi ya Menengai yanapokuwa na uzito. Juu ya mji wa Nakuru kuna kreta pana ambayo mvuke hutoka kwenye nyufa zake, na mwaka 2011 shirika la umma lilianza kuchimba visima humo kutafuta nguvu za umeme. Inasimuliwa kwamba katika vita vya Wamaasai vya karne ya 19, Wapurko waliwashinda morani wa Laikipia na kuwatupa shimoni, na kwamba mvuke ule ni roho za waliotupwa, zikihangaika kutafuta njia ya kwenda mbinguni. Nisiyapambe masimulizi haya. Hayatubu, na shimo linabaki kuwa la mauaji. Lakini adui aliyeshindwa ameachiwa roho, na roho hiyo inatamani mbingu ile ile anayoitamani mshindi. Linganisha na mwisho wa kitabu cha tatu cha Tolkien: Sauron anapoanguka, viumbe wake wanakimbia ovyo bila akili, na baadhi wanajirusha mashimoni. Aragorn anawasamehe watu wa Mashariki waliojisalimisha, anafanya amani na Harad, anawapa ardhi watumwa wa Mordor, wala hakuna mjumbe anayetumwa kwa maorki. Historia nayo iko upande wa Menengai. Walaikipia waliobaki walimezwa na jamii nyingine, wakawa mababu wa watu, na mkataba wa Waingereza wa 1904 ukawaondoa Wamaasai wenyewe katika malisho ya bonde hili.

Pingamizi zito zaidi ni la haki. Ukimpa kila muuaji roho na pembe ya wema, je, hujamlainishia hatia? Naona ni kinyume. Aliyeumbwa mwovu hana hatia, kwa kuwa hakuchagua; simba hashtakiwi. Aliyechoma nyumba ya jirani yake mwaka 2008 anaweza kuhukumiwa kwa sababu tu tunaamini kwamba asubuhi ile angeweza kufanya jambo jingine. Anayemwita mnyama anamlaani kwa mdomo na kumwachilia mahakamani.

Linabaki dai kwamba kitabu cha kwanza kisihukumiwe peke yake. Ni dai la haki kwa kiasi, kwa kuwa Tolkien aliandika kazi moja na mchapishaji ndiye aliyeigawa mara tatu. Katika The Two Towers, kilichotoka Novemba 1954, Samwise anaitazama maiti ya askari wa kusini na kujiuliza kama kweli alikuwa mwovu, au ni uongo na vitisho vilivyomtoa kwao. Huo ni ukurasa mzuri, lakini aliyeuawa ni binadamu. Kwa maorki, kilichotolewa humo ni mazungumzo mafupi ya Shagrat na Gorbag, wanaowalalamikia wakubwa wao na kuota siku watakayotoroka na wenzao wachache, wakaishi mbali na mabwana. Bado ni majambazi, wanaotamani mahali penye mali ya kupora, ila wamechoka na vita na wanataka kitu kilicho chao. Mwandishi aliyeweza kuyasikia maneno hayo alipaswa kuyasikizisha Moria, nyuma ya mlango, kabla haujavunjwa.