Fagio, Utando na Mama Mwenye Mayai

Idi inapokaribia, fagio refu hupandishwa hadi darini katika nyumba nyingi za pwani. Likifika pembeni, yule buibui wa miguu mirefu kama nyuzi huanza kujitikisa kwenye utando wake, kasi kwa kasi, hata umbo lake likapotea machoni. Anayefagia husita. Utando ni uchafu, lakini buibui, tangu zamani watoto wameambiwa, hauawi.

Heshima hiyo imetoka pango la Thawr, kusini mwa Makka, ambamo Mtume Muhammad na Abubakar walijificha siku tatu katika Hijra ya mwaka 622. Inasimuliwa kwamba buibui alitanda mlangoni, na waliokuwa wakiwasaka wakaamini hakuna aliyepita. Qurani, katika sura ya Tawba, inalitaja pango na majeshi yasiyoonekana, buibui haimtaji. Wanazuoni nao wametofautiana juu ya simulizi hiyo: Ibn Kathir aliipa sanadi yake, yaani mnyororo wa wasimulizi, daraja la hasan (nzuri), al-Albani akaiona dhaifu. Na upo upande wa pili. Al-Qurtubi, mfasiri wa Qurani kutoka Cordoba aliyefariki mwaka 1273, ameinukuu kauli inayonasibishwa na Ali bin Abi Talib, kwamba utando ukiachwa nyumbani huleta ufukara.

Mwenye nyumba afuate lipi?

Kwanza amtazame huyo buibui anayetaka kumhukumu. Mmoja wa wapangaji wa pembe hizo ni wa jenasi ya Smeringopus, iliyopewa jina na Mfaransa Eugène Simon mwaka 1890. Asili yake ni Afrika hii hii. Ni spishi moja tu, Smeringopus pallidus, iliyosafiri na mizigo ya binadamu hadi ikaenea nchi za joto duniani kote. Tumbo lake ni refu, limekaa kama mcheduara, na mgongoni lina madoa meusi yaliyojipanga jozi jozi. Miguu ina pete nyeusi karibu na maungio. Sehemu ya mbele, kichwa na kifua vilipoungana, ina kishimo katikati. Jamaa zake wa jenasi ya Pholcus hawana kishimo hicho. Crossopriza, anayefanana naye sana, hutambulikana kwa tumbo lenye pembe, limechongoka juu kwa nyuma. Hata hivyo, kutenganisha spishi za Smeringopus zenyewe kunataka hadubini na viungo vya uzazi, kama alivyofanya Bernhard Huber wa makumbusho ya Koenig, Bonn, alipoipitia upya jenasi nzima mwaka 2012.

Alama moja haihitaji hadubini. Jike hayaachi mayai yake ukutani. Huyafunga kwa nyuzi chache tu, akayashika kwa taya, na kuyabeba hivyo mpaka yaanguliwe. Anayeinua kichwa kwa makini ataona kifundo kidogo cha duara mdomoni mwake. Huyu ndiye anayejitikisa mbele ya fagio. Mtu hamdhuru, chakula chake ni wadudu na buibui wenzake, na mbu wamo. Huko Thailand, Crossopriza wamechunguzwa kwa sababu hula mbu waenezao homa ya dengi.

Sura ya 29 ya Qurani imepewa jina la buibui, na aya yake ya 41 inaifanya nyumba yake mfano wa udhaifu. Wapo waliochukulia kuwa hilo ni dharau kwa mdudu. Sivyo. Anayelaumiwa pale ni binadamu anayetafuta mlinzi asiyekuwa Mungu. Buibui hakukosea kujenga anavyojenga, na utando unaoshindwa kumkinga mtu na jua unamtosha yeye kwa riziki yake. Udhaifu wa nyumba hauwi hukumu juu ya mkazi.

Ikisomwa hivyo, kauli ya ufukara na simulizi ya pango hazigombani tena. Moja inahusu utando, nyingine inahusu kiumbe. Tena huruma kwa buibui haihitaji kungoja wanazuoni wakubaliane juu ya sanadi: taya zilizobeba mayai ni hoja inayojitegemea, na inaonekana kwa macho kila siku juu ya kabati.

Fagio basi lina kazi. Nyuzi kuukuu zilizojaa vumbi na mabawa ya mbu ziondoke zote. Pembe anaponing'inia yule mwenye kifundo mdomoni, fagio lipite pembeni, lirudi baada ya wiki kadhaa, watoto wakishatawanyika.