Rangi Ambayo Marehemu Hakuiacha

Mwaka juzi bibi mmoja wa hapa Ngamiani, Tanga, aliniletea picha ya harusi ya kaka yake iliyopigwa mwaka 1958. Kaka mwenyewe alishatangulia mbele ya haki. Wajukuu walitaka picha itiwe rangi, ichapwe kubwa, itundikwe sebuleni. Niliishughulikia siku mbili mbele ya kompyuta. Mama wa bwana harusi alikuwa amejitanda kisutu, na kisutu hakinisumbui, maana pwani nzima tunajua nyekundu yake inakaa wapi, nyeusi wapi na nyeupe wapi. Lakini bwana harusi alivaa joho, na joho lile kwenye picha lilikuwa la kijivu kilichokoza, basi. Nikalitia kijani. Sikuwa na sababu ila kwamba kijani kilipendeza kando ya ule wekundu.

Bibi alipoiona alinyamaza, kisha akasema, "Mwanangu, joho la kaka lilikuwa jeusi. Aliliazima kwa mjomba." Nikamwahidi kulirekebisha, na nikalirekebisha, ila picha ya kwanza ilikuwa imeshafika kwenye simu za ukoo mzima, toka Tanga mpaka Muscat, na ile ya pili hakuna aliyeijali. Miezi minane baadaye tulikutana kwenye hitima. Nikamsikia kwa masikio yangu akiwasimulia vijana jinsi kaka yake alivyopendeza siku ile, na lile joho lake la kijani. Katika wote waliohudhuria harusi hiyo alikuwa amebaki yeye tu. Alikuwa shahidi wa mwisho, na ushahidi wake nimeugeuza mimi.

Tangu siku hiyo najiuliza: mtu akitangulia na kutuachia sura yake, tuna deni gani kwake?

Nilikuwa bado nalibeba swali hilo pale mpwa wangu anayeishi Uingereza aliponiletea diski za Stan Laurel na Oliver Hardy, yule mwembamba na yule mnene. Humo filamu yao ya The Music Box imewekwa mara mbili, ya asili nyeusi na nyeupe, na nyingine iliyotiwa rangi. Filamu hiyo ilitengenezwa katika studio za Hal Roach, ikatoka mwaka 1932, na ikashinda tuzo ya Academy ya filamu fupi ya kuchekesha katika mwaka wa kwanza wa tuzo hiyo kutolewa. Kisa ni chepesi. Wawili hawa wanapeleka piano kwenye nyumba iliyo juu ya ngazi ndefu, ngazi ambazo zipo hadi leo Silver Lake, Los Angeles. Piano inawaponyoka, inashuka yenyewe, wanaifuata, wanaanza upya. Wanapofika juu, tarishi anawaambia kwamba upande wa pili kuna barabara. Basi wanaishusha piano yote mpaka chini, wanaipakia tena kwenye gari lao la farasi, ili waipandishe kwa njia iliyo sahihi.

Nilizitazama zote mbili, usiku mmoja, moja baada ya nyingine. Katika ile ya asili macho yangu hayakubanduka kwenye kofia mbili nyeusi zinazopanda ngazi nyeupe. Hicho ndicho kichekesho chenyewe: vidoa viwili vyeusi na sanduku kubwa, dhidi ya weupe usiokwisha. Katika ile ya rangi macho yalikimbilia majani ya pembeni, yakaenda kwenye nguo, yakarudi kwenye nyuso na kukuta ngozi imepakwa rangi moja kama ukuta. Nilicheka, sikatai. Ila nilicheka nusu sekunde baadaye, na kwa watu walioishi kwa kupima nusu sekunde hilo si jambo dogo. Stan ndiye aliyekuwa akisimamia vichekesho vyao na kukaa na wahariri, na uzeeni aliumia kuona televisheni zikizikata filamu zile kupisha matangazo. Alifariki mwaka 1965. Kuhusu rangi hakuna aliyemuuliza.

Kazi yenyewe ya kutia rangi naijua, maana ndiyo yangu, ingawa mimi naifanya kwa picha moja moja. Miaka ya 1980 Wilson Markle na kampuni yake ya Toronto walikuwa wakiinakili filamu kwenye mkanda wa video, fundi anachagua rangi za picha ya kwanza katika kila tukio, halafu kompyuta inazisambaza kwenye picha zinazofuata. Topper, filamu nyingine ya Hal Roach, ya mwaka 1937, ilitoka kwa rangi mwaka 1985. Sasa piga hesabu. Filamu hupita picha 24 kwa sekunde, kwa hiyo kisa cha piano, ambacho ni karibu nusu saa, kina picha zaidi ya 40,000. Koti hili la rangi gani? Mlango ule je? Mara nyingi fundi hana wa kumuuliza, na lazima aweke kitu.

Wenzangu wa kazi hunijibu kwamba hata nyeusi na nyeupe si ukweli. Wana hoja. Stan alikuwa na macho ya buluu iliyopauka, na filamu za zamani zilikuwa haziioni nyekundu, huku buluu zikiichukulia kama nyeupe. Macho yake yakatoka matupu, kama ya mtu asiyeona. Ilipoenea filamu ya aina mpya katika miaka ya 1920, inayoona rangi zote, ndipo watazamaji walipomwona anatazama. Kwa hiyo kijivu nacho kina uongo wake. Lakini Stan alikijua kijivu hicho. Wapambaji walimpaka poda kwa ajili ya kijivu, wajenzi walizipaka kuta kwa ajili yake, mpiga picha alipanga taa kwa ajili yake. Kijivu kilikuwa lugha waliyochagua maneno ndani yake. Rangi imekuja baada yao, na inasema kwa vinywa vyao.

Kurejesha filamu za zamani ni jambo jingine, nami nalitukuza. Filamu za nyakati zile zilikuwa za nitreti, inayooza na kushika moto upesi. Mwaka 1927 Laurel na Hardy walitengeneza Hats Off, ambamo walipandisha mashine ya kufulia kwenye ngazi zile zile za piano. Imepotea. Hakuna nakala yake inayojulikana popote duniani. The Battle of the Century, ya mwaka huo huo, yenye vita maarufu vya kurushiana pai, ilikuwa vipande vipande hadi mwaka 2015, ilipopatikana sehemu yake ya pili kwa mkusanyaji mmoja Marekani. Anayekaa kuzilinganisha nakala, akachukua kipande safi huku na kipande safi kule, akafuta mikwaruzo mmoja mmoja, huyo anarudisha amana kwa mwenyewe. Hata hivyo naye achunge mkono wake. Kompyuta ikiachiwa ifute vumbi peke yake hufuta na tone la maji lililorushwa kweli siku ile, kwa kudhani ni uchafu. Nimewahi kumfutia mtu kidoa shavuni, kumbe ni alama aliyozaliwa nayo.

Nilisoma madrasa, na mwalimu wetu alitufundisha habari za wapokezi wa hadithi za Mtume. Kuna aina iitwayo mudraji, yaani iliyoingiziwa maneno. Mpokezi mwaminifu, asiye na nia mbaya hata chembe, anaeleza neno gumu ili wanafunzi waelewe. Wanafunzi wanayaandika maelezo yake pamoja na hadithi. Kizazi cha tatu hakijui tena Mtume anaishia wapi na mpokezi anaanzia wapi. Wanazuoni hawakumwita mtu huyo mwongo. Walichofanya ni kutumia miaka na miaka kuyatenga maneno yake. Nilipolikumbuka somo hilo nililiona joho la kijani lilivyo. Mimi sikudanganya. Niliingiza.

Na dini hiyo hiyo imenionyesha njia. Nyumbani nina Qurani Takatifu ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, iliyochapwa mwaka 1969. Kiarabu kiko pale pale kwenye ukurasa, Kiswahili kando yake, na Sheikh anapohitaji kuongeza neno ili maana ikae, analiweka kwenye mabano. Msomaji anajua neno hili ni la Sheikh. Hakuna aliyeingizwa gizani. Kwa hiyo sisemi rangi ni haramu. Binti yangu ana miaka tisa. Ile The Music Box nyeusi na nyeupe aliikimbia baada ya dakika mbili, ya rangi akaitazama hadi mwisho, na wiki iliyofuata akaiomba ile ya asili mwenyewe. Rangi ilimfungulia mlango, na hilo siwezi kulidharau. Mwaka 2004 filamu fupi za wachekeshaji Three Stooges zilitolewa kwenye diski ambazo mtazamaji aliweza kubadili kutoka rangi kwenda asili kwa kitufe, filamu ikiendelea. Hayo ndiyo mabano. Rangi inayokaa ndani ya mabano ni tafsiri, na tafsiri ni heshima. Inayokuja peke yake huku asili imefichwa ni udhalimu kwa mtu asiyeweza kujitetea.

Watoto wa mwongozaji wa filamu John Huston waliliona hivyo. Baba yao alifariki mwaka 1987, na The Asphalt Jungle, filamu yake, ikatiwa rangi na wenye hakimiliki wa Marekani. Walikwenda mahakamani Ufaransa, na mwaka 1991 mahakama ya juu ya huko ikaamua kwamba kununua filamu hakumnyimi aliyeitunga haki ya kazi yake kubaki alivyoiacha. Nadhani uamuzi huo ulikuwa wa haki, na ungekuwa wa haki hata kwa mtu asiye maarufu aliyevaa joho la kuazima.

Siku hizi nimebadili utaratibu. Kila anayetaka rangi anaondoka na picha mbili, ya asili iliyosafishwa na ya rangi, na nyuma ya ile ya rangi naandika kwa kalamu: hili nimeambiwa na fulani, hili nimelijua kwa vazi lenyewe, hili nimekisia. Wapo wanaoniona nawachelewesha. Ninawaomba radhi, na ninawaomba jambo moja zaidi, pamoja na ninyi mnaosoma hapa: mkileta picha ya marehemu, njooni na mtu aliyekuwepo, na mje mapema, akiwa angali hai.