Je, Ni Akili Kumwamini Mungu?

Somo: 1 Petro 3:15-16



Jioni moja tulikuwa tumetoka kumzika mtoto wa miaka minne, aliyekufa kwa malaria. Kaka yake, kijana niliyemfundisha mimi mwenyewe masomo ya Kipaimara, alikuwa amerudi nyumbani kwa likizo ya chuo. Akanifuata njiani, akaniamkia, "Shikamoo, Mwalimu." Nikaitika, "Marahaba, mwanangu, pole sana." Tukaenda pamoja kitambo pasipo kusema neno, kisha akanena hivi:

"Mwalimu, huko chuoni nina wenzangu wasemao kwamba hakuna Mungu, na ya kuwa mtu mwenye akili hawezi kuamini. Siku zote nalikuwa nikibishana nao, lakini leo sina la kuwajibu. Tena pale matangani nimewasikia Wakristo wa usharika wetu wakinong'onezana kwamba bibi yule mjane, jirani yetu, ndiye aliyemroga mdogo wangu. Wenzangu wasioamini wangesema ni mbu. Basi niambie, Mwalimu, hapo mwenye akili ni nani?"

Ndugu zangu, nalikuwa nimechoka, na moyo wangu ulikuwa mzito. Nikamjibu kwa ukali kwamba Mkristo haulizi, Mkristo huamini. Akainamisha kichwa, akasema, "Haya, Mwalimu," akaenda zake. Hakuonekana tena kanisani likizo ile, wala ile iliyofuata.

Mtume Petro anatuagiza tuwe tayari sikuzote kumjibu kila atuulizaye sababu ya tumaini letu, tena tumjibu kwa upole na kwa heshima. Mimi sikuwa tayari, wala sikuwa mpole. Kwa hiyo naandika leo jibu ambalo ilinipasa kumpa kijana yule, ili ninyi walimu wenzangu na wazazi msije mkakosa kama mimi nilivyokosa.

Kwanza, tukumbuke akili ni ya nani. Katika Katekisimo Ndogo, iliyotolewa mwaka 1529, Martin Luther anaeleza kifungu cha kwanza cha Imani, naye anaitaja akili pamoja na macho na masikio na viungo vyote, kuwa ni vipaji vya Muumba. Tena mwaka 1521, aliposimama mjini Worms mbele ya Kaisari, alitaka aonyeshwe kosa lake kwa Maandiko au kwa hoja za akili zilizo wazi. Hakusema kwamba muumini hana ruhusa ya kuuliza. Basi mimi niliyemwambia kijana asiulize, nalimkataza kutumia kipaji alichopewa na Mungu.

Walakini katekisimo ile ile, katika kifungu cha tatu, inatufundisha kwamba mtu kwa akili yake mwenyewe hawezi kumwamini Yesu Kristo, wala kumwendea. Roho Mtakatifu ndiye amwitaye kwa Injili. Je, vifungu hivi vyapingana? La. Mtu aendaye kwa baba yake usiku huchukua taa. Taa yamwonyesha njia, yamwonyesha shimo alikwepe, yamfikisha mlangoni. Lakini taa haifungui mlango. Afunguaye ni baba aliye ndani. Aitupaye taa ataanguka njiani, naye adhaniye kwamba taa itamfungulia atakaa nje hata asubuhi.

Pili, tuangalie kama ni kweli kwamba elimu humwondoa Mungu. Nitawataja watu wawili wenye elimu kuu, ambao wote wawili walizika watoto.

Wa kwanza ni Johannes Kepler, Mlutheri wa Ujerumani, aliyezaliwa mwaka 1571. Alisoma Tübingen akitaka kuwa mchungaji, lakini mwaka 1594 alipelekwa Graz kufundisha hesabu. Baadaye alichunguza mwendo wa sayari ya Mars. Kwa karne nyingi wataalamu walishika ya kuwa mbinguni kila kitu huzunguka kwa duara kamili. Kepler alipolinganisha hesabu yake na vipimo vya Tycho Brahe, aliona tofauti ya dakika 8, yaani kadiri ya robo ya upana wa mwezi mpevu kama tuuonavyo angani. Mwingine angesema, "Ni kitu kidogo, na tukiache." Yeye hakukiacha. Aliitupa kazi yake ya miaka, akaanza tena, na mwaka 1609 akatangaza kwamba njia ya Mars si duara, bali ni duara iliyorefushwa kidogo. Aliamini kwamba Muumba alizifanya mbingu kwa kipimo, na kwamba mwanadamu alipewa akili ili avisome vipimo hivyo. Imani yake haikumzuia kuchunguza. Ilimkataza kuchunguza kwa uvivu.

Mtu huyu hakuamini kwa sababu maisha yalikuwa mepesi kwake. Mwaka 1611 mwanawe Friedrich, mwenye miaka sita, alikufa kwa ndui, na mkewe alikufa mwaka ule ule. Mwaka 1612, huko Linz, mchungaji wa kanisa letu alimzuia Meza ya Bwana kwa kuwa hakukubali kila neno la mafundisho yetu. Hata hivyo hakuiacha imani.

Wa pili ni Charles Darwin wa Uingereza. Yeye katika ujana wake alisoma Cambridge ili awe kasisi, kisha akawa mchunguzi mkuu wa wanyama na mimea. Mwaka 1851 binti yake Annie, mwenye miaka kumi, alikufa baada ya ugonjwa mrefu. Imani ya Darwin ilipungua polepole kwa miaka mingi, na mateso yaliyojaa ulimwenguni yalikuwa mojawapo ya mambo yaliyomtatiza. Hakujiita mkana Mungu. Alijihesabu kuwa mtu asiyeweza kujua. Naye aliendelea kuwa rafiki wa kasisi wa kijiji chake, na kusaidia katika kazi za wema za mahali pale.

Tazameni, ndugu. Wote wawili walikuwa na akili, wote wawili walipenda kweli, wote wawili walilia kaburini. Mmoja aliamini, wa pili hakuweza. Basi asemaye kwamba elimu humfanya mtu kuwa mkana Mungu amekosa, na Mkristo asemaye kwamba asiyeamini hana akili amekosa vile vile.

Tatu, tupime mambo yenyewe. Kuwako kwa Mungu si hesabu ya kuandikwa ubaoni ikaisha. Yeye asemaye yuko na yeye asemaye hayuko, kila mmoja anasimama juu ya neno asiloweza kulithibitisha lote. Asiyeamini asema kwamba ulimwengu uko tu, na utaratibu wake uko tu. Sisi twasema kwamba umefanywa. Sasa, utaratibu huo unasomeka kwa akili ya mtu, hata dakika 8 za Kepler zikawa na maana. Mimi naona ni jambo la akili zaidi kudhani kwamba kinachosomeka kina mwandishi, kuliko kudhani kwamba wino ulijimwaga ukawa barua. Hili si thibitisho, lakini ni sababu.

Tena, kijana yule aliona kifo cha mdogo wake kuwa ubaya, wala si jambo lililotukia tu kama jani kuanguka. Asiyeamini atatuambia kwamba upendo ulikua ndani ya watu kwa sababu wapendanao huishi na kulea watoto wao. Yawezekana kweli ndivyo ulivyokuzwa. Lakini habari ya jinsi upendo ulivyokua haijatuambia kama upendo wasema kweli. Sisi twaamini kwamba wasema kweli, kwa kuwa watoka kwake aliyetufanya.

Na neno lililo kubwa kuliko hayo yote ni hili: imani yetu haikusimama juu ya mawazo tu, bali juu ya jambo lililotukia. Paulo aliwaandikia Wakorintho kadiri ya miaka 25 baada ya Bwana kusulubiwa. Katika sura ya 15 ya waraka wa kwanza anawataja mashahidi waliomwona Bwana akiwa hai, zaidi ya 500 kwa mara moja, na ya kuwa wengi wao wangali hai. Yaani, waliweza kuulizwa. Tena anasema wazi kwamba ikiwa Kristo hakufufuka, imani yetu ni bure. Mtu aogopaye maswali hasemi hivyo. Asiyeamini aweza kujibu kwamba mashahidi hukosea, nasi hatuwezi kumrudisha siku ile akaone kwa macho. Lakini na aeleze, kwa kuwa ni haki kumwuliza, jinsi watu waliotawanyika kwa hofu walivyogeuka ghafula na kuwa tayari kufa kwa ajili ya ushuhuda wao.

Nne, kuna swali ambalo sina jibu lake kamili, nami sitajifanya kuwa nalo: kwa nini mtoto yule alikufa? Hapo ndipo wasioamini wana hoja yao yenye nguvu, na mwalimu aidharauye hajaketi kitandani pa mgonjwa. Someni mwisho wa kitabu cha Ayubu. Rafiki zake walikuwa na maelezo kwa kila jambo, naye Ayubu alikuwa na maswali na malalamiko. Na Mungu aliwakasirikia rafiki, akamkubali Ayubu. Siku ile ya maziko nalisimama upande wa rafiki zake, na kijana alisimama upande wa Ayubu.

Asiyeamini hana wa kumwuliza habari za kaburi lile. Sisi tunaye, nasi twamwuliza kwa kuwa twamjua ni mwema. Naye hakutujibu kwa maneno toka mbali. Alimtuma Mwanawe, ambaye mwenyewe alilia msalabani akiuliza kwa nini ameachwa. Akili haikuweza kubuni Mungu wa namna hii. Lakini moyo uliovunjika, ukisikia habari zake, wamtambua.

Sasa nirudi kwa yule bibi mjane, kwa sababu kijana aliuliza habari zake pia. Mwaka 1615 mama yake Kepler, Katharina, mwanamke mzee, alishtakiwa uchawi. Jirani alisema kwamba aliugua kwa kinywaji alichopewa naye. Mwaka 1620 alitiwa kifungoni, akafungwa minyororo, akaonyeshwa vyombo vya mateso ili aogope na kuungama. Mwanawe aliiacha kazi yake ya nyota, akasafiri kwenda kwao, akajibu mashtaka kwa maandishi neno kwa neno, akionyesha kwamba magonjwa yale yalikuwa na asili nyingine. Mwaka 1621 mama alifunguliwa, akafa mwaka uliofuata. Waliomshtaki walikuwa wabatizwa wa kanisa letu. Na aliyemtetea alikuwa wa kanisa letu pia. Tofauti yao ni kwamba huyu alimpenda mama yake kwa akili yake yote.

Tangu mwaka 1897, Ronald Ross alipoonyesha vijidudu vya malaria ndani ya mbu, twajua ugonjwa huu hupitia wapi. Wakristo wanaojua hayo, wakisali Jumapili na kwenda usiku kwa mganga kuuliza ni nani aliyeua, hao wamemkana Mungu kuliko vijana wa chuo. Zaburi ya 14 yamtaja mpumbavu amkanaye Mungu moyoni mwake, haikutaja midomo. Midomo yetu yakiri, lakini moyoni twaishi kana kwamba hakuna aionaye machozi ya mjane. Mlinde mtoto kwa chandarua, mpelekeni hospitali mapema, mwombeeni. Hayo matatu hayapingani, kwa kuwa yote yatoka mkononi mwa Baba mmoja.

Basi jibu langu kwa kijana ni hili. Kumwamini Mungu ni jambo la akili, tena naona lina sababu nyingi kuliko kumkana. Lakini sitakushinda kwa sababu hizo, wala sitaki. Nalitaka utembee nami hata mlangoni, nami nikakuacha njiani bila taa.

Mwaka uliopita nalimwendea mahali akaapo, nikamwomba msamaha. Alinikaribisha chai, akasema, "Mwalimu, bado sijui." Nikamwambia kwamba aendelee kuuliza, nami nitaendelea kujibu niwezavyo. Hajarudi kanisani. Lakini aliniuliza habari za yule bibi. Nikamweleza kwamba mimi na wazee wa kanisa tulikwenda nyumbani kwake, tukaketi, tukala chakula chake mbele ya majirani wote. Kijana alinyamaza sana, kisha akasema, "Hilo nalielewa."

Ninyi mfundishao watoto wa Kipaimara, mtoto akiwauliza swali gumu, msimfukuze. Kama hamna jibu, semeni hamna, mkae naye mlitafute pamoja. Na Mungu, aliyetupa akili na kumtoa Mwanawe, awafungulie mlango wote wanaobisha, na hata wale ambao bado hawajui kwamba wanabisha. Amina.