Mhakiki na Ngoma Asiyoiona

Shairi baya lina bahati moja: hulala kitabuni likimngoja msomaji wa pili, ambaye huenda akaliona zuri. Dansi haina subira hiyo. Taa zikizimwa na wachezaji wakenda kufuta jasho, kinachobaki ni kumbukumbu za waliokuwapo na maandishi ya mhakiki, kama alikuwapo. Kwa hiyo amana ya mhakiki wa dansi ni nzito kuliko ya mhakiki wa vitabu, kwani msomaji wake hana matini ya kurejea ili amsute. Kanda za video zimeupunguza uzito huo, hazikuuondoa. Kamera nayo huchagua mguu wa kuutazama.

Amana hiyo ilitiwa mizanini huko New York mwishoni mwa mwaka 1994. Bill T. Jones, mtunzi wa dansi Mmarekani mweusi, alikuwa amekwisha kutangaza kwamba anaishi na virusi vya UKIMWI. Mwenzake wa maisha na wa kazi, Arnie Zane, alikuwa amefariki mwaka 1988. Jones alileta Brooklyn dansi iitwayo Still/Here. Ili kuitunga alizunguka miji kadhaa ya Marekani akiwakusanya watu wenye maradhi ya kutishia uhai. Aliwaomba watembee sakafuni njia ya umri wao, na kila mmoja ataje jina lake kwa ishara ya mwili. Ishara hizo zikawa hatua za dansi, na sura na sauti za wenyewe zikaoneshwa jukwaani kwa video.

Arlene Croce, mhakiki wa dansi wa jarida la The New Yorker tangu mwaka 1973, aliandika makala ndefu ya kuilaumu. Mwanzoni kabisa alitamka kwamba hajaiona wala hana mpango wa kuihakiki. Hoja yake ilikuwa kwamba mtu anayewekwa mbele ya watazamaji kama mhanga hahakikiki: mtazamaji hushurutishwa amhurumie, na aliyeshurutishwa kuhurumia hana tena uhuru wa kusema kwamba hatua fulani ilikuwa mbovu.

Hoja hiyo si ya kutupwa. Nani katika pwani hii hajapata kusikia utenzi wa maombolezo wenye vina vilivyopinda na mizani iliyopungua, akanyamaza kwa kuwa mtunzi ni mfiwa? Kimya hicho ni adabu. Lakini mfiwa huyo akiupeleka utenzi wake kwa mhariri, ameomba jambo jingine: ameomba asomwe. Kumsifu kwa sababu ya msiba wake ni kumrudisha matangani kwa nguvu, na kukataa kumsoma kwa sababu hiyohiyo ni kumfungia humo.

Croce aliiona hatari ya huruma, kisha akaikimbia. Na kwa kuwa hakwenda, aliwataja wagonjwa kana kwamba wao ndio waliokuwa wakicheza. Sivyo ilivyokuwa. Waliocheza walikuwa wachezaji wa kundi la Jones, watu waliofunzwa kuruka na kuanguka. Yalikuwapo basi ya kuhakikiwa, tena mengi. Je, ishara ya mgonjwa hubaki na uzito wake inapokabidhiwa mwili wenye afya? Je, nyuso za kwenye video ziliitia nguvu dansi au ziliimeza? Maswali hayo yanajibiwa na jicho, na jicho lilibaki nyumbani.

Watu wa visiwani wana desturi inayofaa kukumbukwa hapa. Mcheza kwao hutuzwa, na tuzo ni hukumu inayotolewa kwa mkono, kwa ukaribu wa kulisikia jasho. Ni kweli kwamba mama humtuza mwanawe hata akikosea hatua, kwa hiyo tuzo peke yake si uhakiki. Lakini hata mama huyo mwenye upendeleo amefika uwanjani. Katika ngoma ya msewe ya Pemba, ambamo wachezaji hufunga njuga miguuni, mguu uliochelewa husikika na kila mwenye sikio. Asiyekwenda hana la kusikia.

Basi mhakiki aanze na kilichotokea: waliingia wangapi, kutoka upande gani, mkono ulipanda au ulidondoka. Huruma yake asiifiche. Aiandike kama tukio mojawapo la usiku ule. Ilimjia wakati gani? Ililetwa na hatua, au na maelezo aliyoyasoma kwenye karatasi aliyopewa mlangoni? Ikiwa ililetwa na hatua, ni kazi ya msanii naye ahesabiwe. Ikiwa ililetwa na karatasi, na isemwe hivyo bila haya, ajapokuwa msanii yu mgonjwa. Anayeandika hivyo hamdhulumu mgonjwa. Humpa heshima ileile anayompa mzima, ya kuambiwa kweli juu ya kazi yake.

Mwaka 2024, miaka 30 baadaye, Still/Here ilirudishwa jukwaani huko huko Brooklyn. Croce alifariki mwezi wa Desemba mwaka huohuo. Waliofika ukumbini safari hiyo walikiona kizazi kingine cha wachezaji kikirudia, kwa mikono na mabega, ishara ambazo wagonjwa wale walijitajia majina yao.